Siku ya Kufunga Mashine ya Vyombo, Mama Akaja Mapema

Alhamisi, katikati ya Julai. Baridi ile ya ukungu kushuka mpaka kwenye migomba, nguo zinashinda kwenye kamba na jioni unazianua zikiwa mbichi vilevile. Naandika baada ya chakula, kwa simu, kwa kidole gumba cha kushoto, maana ndicho pekee kinachonitii leo. Herufi zikikosewa mtanivumilia. Mkishindwa, shauri yenu.

Mlionisoma tangu zamani mlizoea niandike habari za ushonaji, vitambaa, na wateja wa hapa Nkubu wanaoleta kitambaa leo na kutaka gauni jana. Kisha nikanyamaza. Wengine mkaniuliza kama nimeringa.

Sikuringa. Nina baridi yabisi.

Vidole vinavimba. Asubuhi vinakataa kunyooka, jioni vinakataa kukunjika. Cherehani nimeifunika shuka tangu mvua za mwaka jana, duka nikalifunga, wateja nikawaambia biashara imelala. Hilo sijawahi kuliandika popote. Sasa nimeliandika, basi.

Anayeosha vyombo nyumbani kwetu ni mume wangu, Mwenda. Ni mwalimu wa hesabu, ni mzee wa kanisa, yuko kwenye kamati ya mradi wa maji. Na anaosha vizuri, niseme ukweli wangu, sufuria zinang'aa kuliko nilipokuwa naosha mimi. Lakini kwanza anafunga pazia. Halafu anatia komeo mlango wa nyuma. Halafu anaongeza sauti ya redio, sahani zisisikike zikigongana. Utadhani anachinja mbuzi wa wizi.

Kuna sababu. Kwao Ruiri kuna mwanamume alikutwa siku moja kwenye karai na sponji mkononi. Wakampa jina la Baba Sufuria. Mpaka leo watoto wake wanaitwa watoto wa Baba Sufuria, na wengine ni watu wazima wenye ndevu. Kisa hicho tulisimuliwa na mama yake Mwenda mwenyewe, sebuleni kwake, akicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Mwenda naye alicheka. Nilimwangalia akicheka.

Sasa huyo mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mama, akatuma ujumbe kwamba anakuja kukaa kwetu, ana kliniki ya macho hapa hospitalini, na daktari atataka kumwona tena na tena. Mwenda akakosa usingizi. Akitegemea nini? Akitegemea macho ya mama yake yasione vizuri. Macho yale yale yanayoona vumbi juu ya kabati kabla hajavua koti.

Wiki iliyopita akaja na sanduku kubwa kwenye pikapu ya rafiki yake. Mashine ya kuosha vyombo. Si ile ya kusimama peke yake kama friji. Hii ni ya kujengewa ndani, chini ya slabu ya jikoni, na haina uso. Mbele yake unafunga mlango wa kabati, mbao ile ile, kishikio kile kile, mgeni akiingia anaona kabati tu.

"Hata akae mwezi mzima," Mwenda alisema, "hawezi kujua kuna mashine." Hiyo sehemu aliieleza mara nyingi kuliko zote.

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa moyo, kwa sababu wanaume wangapi mnawajua wangefanya hivyo? Halafu nikaingia chumbani nikalia kwa hasira, na siku hiyo nisingeweza kuwaambia hasira ilikuwa ya nini.

Leo najua ilikuwa ya nini, kwa hiyo niseme.

Kwetu mtu akiugua, watu huja. Wanawake wanakuja na uji wa wimbi, zamani kwenye kibuyu, siku hizi kwenye chupa ya chai. Wanakaa, wanaomba, wanakusengenyea watu usiowapenda, mmoja anakufulia nguo, mwingine anakuletea ndizi, wanaondoka. Nilipomzaa Kinya, binti yetu aliye shule ya bweni sasa, nyumba hii haikuwatosha. Na sasa nimeugua mwaka na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Kwa sababu hakuna hata mmoja anayejua. Mwenda alisema tusiseme kwanza, tungoje dawa ifanye kazi. Dawa imefanya kazi kadiri ya uwezo wake. Sisi bado tunangoja.

Adui yangu mkubwa amekuwa salamu. Ibada ikiisha, kila mtu anataka mkono, na watu wa huku hawashiki, wanaminya. Nimejifunza kubeba Biblia kwa mikono yote miwili kama mtoto wa ubatizo.

Kwa Mama, Mwenda alikuwa na mpango. Jana alinieleza.

"Akiingia, atakukuta unakanda chapati. Mikono ikiwa na unga utampa kifundo cha mkono tu. Hatashika vidole."

"Na nani atakanda?"

"Hutakanda. Utakuwa tu na unga."

Nilicheka, Mungu nisamehe. Nilicheka halafu nikaona yeye hacheki. Na jambo la pili tulikubaliana: Mama akiuliza vyombo, kuna msichana wa jirani huja asubuhi kuosha. Hakuna msichana wa jirani.

Basi leo asubuhi fundi akaja. Murithi ameweka masinki nusu ya Nkubu, lakini mashine kama hii hajawahi kuigusa. "Msiwe na wasiwasi, Mwalimu, nimeangalia video." Akatuonyesha. Video ilikuwa kwa lugha ambayo sisi watatu hatuijui, na jamaa wa humo alivaa glavu nyeupe akamaliza kazi yote kabla sijamiminia mtu chai.

Jiko la jamaa yule lilikuwa la mbao. Letu ni la hapa kwetu: slabu ya zege imemiminwa, ikapigwa vigae, imekalia vikuta vya matofali. Aliyeijenga alipima nafasi ya mtungi wa gesi na gunia la viazi. Hakupima mashine ya vyombo. Murithi akaisukuma, ikaingia nusu, ikakwama. Upana wa kidole tu umezidi!

"Tunakwangua plasta," akasema.

"Slabu isije ikaanguka," nikasema mimi.

"Haianguki, Mama Kinya."

Kila fundi husema hivyo.

Akawasha mashine ya kukatia. Vumbi jeupe likajaa, likapanda kwenye taa, likatua kwenye karai la vyombo vichafu. Maana jana maji ya tangi yalikuwa haba, na Mwenda alisema tuviache, mashine itaanza na hivyo. Vyombo vya jana na vya leo asubuhi, vimepakwa saruji kama vimefufuka. Nikasimama mlangoni naangalia njia. Mama alisema atafika jioni. Saa sita ikapita, mashine bado iko katikati ya sakafu, na Mwenda anatembea kutoka dirishani mpaka kwenye sinki, kutoka kwenye sinki mpaka dirishani.

Ikaingia hatimaye. Murithi akaweka pimamaji juu yake, akazungusha miguu ya mashine mpaka kiputo cha hewa kikakaa katikati. Soketi akaiweka kwenye kabati la pembeni. Mpira wa kutolea maji machafu akaunyanyua na kuufunga juu kabisa chini ya slabu kabla ya kuushusha kwenye bomba la sinki, akasema usipouinua hivyo, maji machafu ya sinki yanarudi ndani kwenye vyombo. Mlango wa kabati ukafungwa mbele. Nikasogea nyuma nikaangalia. Kweli, kabati tu. Hata mimi ningepitwa.

Akawasha. Taa nyekundu. Ikalia mlio mmoja mkali, ikanyamaza, ikalia tena.

Maji hayatoshi. Tangi letu limekaa kwenye kitako kifupi, maji yanashuka kivivu. Kwa kunawa yanatosha, kwa mashine hayatoshi.

"Tuunganishe moja kwa moja na laini ya mradi," Murithi akasema.

Niwaeleze wasio wa huku. Maji ya mradi yanatoka juu msituni, yanashuka mlima mzima ndani ya bomba, na huja kwa zamu. Mlinzi wa laini akifungua upande wetu, yanakuja na hasira zake zote. Ndiyo maana kila mtu hapa huyaingiza kwanza kwenye tangi yakatulie. Kila mtu! Hata bibi asiyejua kusoma anajua hilo. Mwenda amekaa kwenye kamati akiwatoza watu faini kwa sababu ya kupasua mabomba.

"Mwenda," nikasema, "hayo maji."

"Maji nayajua, Kathure. Ni leo tu."

Wakaunganisha bomba likiwa kavu, zamu yetu ikiwa bado. Halafu tukasubiri. Murithi akaenda nyuma ya nyumba kuangalia shimo la maji machafu. Mwenda akalala kifudifudi, kichwa ndani ya kabati la sinki, akikaza nati ya mwisho. Mimi nikatumbukiza mikono kwenye bakuli la unga mpaka vifundoni nikasimama kwenye meza kama nilivyoagizwa. Nilijiona mjinga kuliko siku zote za maisha yangu.

Gari likasikika getini. Nikadhani ni la jirani.

Bomba likaanza kukohoa. Hewa kwanza, ko-ko-ko ndani ya ukuta. Nikafungua mdomo nimwambie Mwenda atoke, na sikuwahi.

Mpira wa kuingizia maji ukachomoka. Maji yakampiga Mwenda usoni, yakapiga dari, yakageuka yakaanza kuelekea kabati la pembeni. Kwenye soketi! Mwenda akaudaka ule mpira kwa mikono miwili, akaukandamiza kifuani, amelowa mwili mzima, amepiga magoti ndani ya maji, na waya uko pale, karibu na goti lake.

"Kathu! Koki! Funga! Funga!"

Koki ya nyumba iko ukutani karibu na mlango wa nyuma. Nyekundu, ya mviringo, ile ya kuzungusha mara nyingi. Mwenda alisahau. Mwaka mzima ananifungulia chupa, ananifunga vifungo, leo akasahau mimi ni nani. Na mimi nikasahau pia. Nilikimbia nikaishika.

Vidole vikakataa.

Unga ukawa ugali mikononi. Nikajaribu kwa viganja, ikateleza. Nikajaribu kwa vifundo. Nikaibana kwa viwiko viwili, nikasukuma kwa mwili wote, ikazunguka kidogo, ikakwama, na maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Nyuma yangu Mwenda anapiga kelele funga, funga, na mimi nalia nasema siwezi, siwezi, Mwenda siwezi, na namwona ameshakufa kwa umeme pale sakafuni kwa sababu ya mikono yangu.

Mkono ukapita juu ya bega langu. Mpana, una udongo kwenye mipasuko. Ukashika koki ukaizungusha, mara moja, mara ya pili, mpaka mwisho.

Maji yakakatika.

Nilipogeuka nikamwona Mama. Kitambaa kichwani, koti limelowa, gunia la viazi limeanguka pembeni. Mtu wa Ruiri alikuwa anakuja huku na gari akampa lifti. Tulimtegemea jioni.

Dari inadondosha. Murithi akatokea mlangoni, akatuangalia mmoja mmoja, akarudi kwenye shimo lake.

"Nipe mkono," Mama akasema.

Nikampa kifundo. Mazoea ni kitu kibaya.

"Sikusema kifundo, Mama Kinya. Mkono."

Akaushika. Si kwa kuminya. Akachukua ncha ya leso yake akaanza kufuta ule unga, kidole kimoja kimoja, kisha akaisogeza mikono yangu karibu na macho yake. Akaigeuza. Akaona pale viungo vya vidole vilipovimba na pale vidole vilipoanza kwenda upande.

"Tangu lini?"

"Mama, ni maumivu kidogo tu," Mwenda akadakia kutoka sakafuni, "ni hii baridi ya..."

"Wewe sikukuuliza."

"Tangu mvua za mwaka jana, Mama," nikasema.

Akatazama karai. "Na hivyo vyombo huosha nani?"

Jibu lilikuwa tayari. Msichana wa jirani, huja asubuhi. Nikamtazama Mwenda. Maji yanamchuruzika kwenye nyusi, na macho yake yananiomba. Tumeoana miaka mingi na sijawahi kumwona akiniomba kitu namna hiyo. Nilimhurumia. Nawaapia nilimhurumia, na ulimi ulikuwa umeshaanza kusema msichana.

"Mwanao, Mama. Anaosha yeye. Hufunga pazia kwanza."

Mwenda akainamisha kichwa. Nikasubiri kicheko. Kile cha Ruiri, cha kufuta machozi.

"Na nani amekuja kukuona?" Mama akauliza.

"Hakuna mtu."

"Hakuna nani?"

"Hakuna mtu yeyote, Mama. Hawajui."

Mama huyu nimemwona akikasirikia ng'ombe, nimemwona akimkasirikia chifu, nimemwona akikasirikia bei ya maziwa. Leo ndiyo nimemwona amekasirika. Alimgeukia mwanawe, na Kimeru chake kikawa cha haraka mpaka nikapoteza maneno mengine njiani.

"Mke wako anaugua mwaka mzima na uji haujaingia nyumba hii? Na mimi niko Ruiri nasema mke wa Mwenda ameringa, hata simu hapigi, hata shambani haji! Nimesema hivyo mbele ya watu, Mwenda. Nimemsema mgonjwa. Mungu wangu, nimemsema mgonjwa!"

Akakaa juu ya gunia la viazi, pale pale ndani ya maji, akalia.

Nikapiga magoti nikamkumbatia kwa mikono ile ile. Mwenda akasimama. Hakujua akae, aondoke, au achukue mopu. Akachukua mopu.

Baadaye Murithi alirudisha mpira kwenye tangi. Amesema atakuja Jumamosi kuinua kitako, kisha mashine itafanya kazi. Kabla hajaondoka Mama alifungua ule mlango wa kabati, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Inaosha sufuria ya mukimo, vile viazi vya kuponda vikishika chini?"

"Hiyo hapana, Shosho," Murithi akasema.

"Ee," akasema Mama, akaufunga.

Kisha akaniita chumbani akafunga mlango. Akaniambia anataka kumpigia kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, na wale wake wa Ruiri pia. "Lakini nakuuliza wewe kwanza. Waje, wasije? Ukisema wasije, nanyamaza mpaka kaburini."

Nilijua nikisema waje, mpaka Jumapili itajulikana kutoka hapa mpaka Ruiri ni nani huosha vyombo kwa Mwalimu. Wanafunzi wake watajua. Kamati itajua. Atapewa jina, na jina la huku halifutiki. Mwenda ni mtu mwema. Amenilisha kwa kijiko siku mbaya na hajawahi kunung'unika hata mara moja. Sitaki achekwe. Niliwaza hayo yote.

Halafu nikawaza Jumapili nyingine nimekumbatia Biblia.

"Waje, Mama," nikasema.

Wanakuja kesho mchana. Naogopa. Naogopa vile watakavyonitazama mikono, naogopa wataniuliza kwa nini nilificha na nitawajibu nini. Na ndani ya huo woga kuna kitu kingine ambacho kwa muda mrefu sikuwa nacho. Nataka waje. Nataka nyumba isiwatoshe. Nataka mtu anisengenyee watu.

Mama ameshalala. Sasa hivi, nikiwa naandika hapa, Mwenda amekuja akakaa ukingoni mwa kochi, mbali kidogo nami.

"Watanicheka," akasema.

Ningeweza kumwambia hawatacheka. Uongo wa leo umetosha.

"Watakucheka," nikamwambia. "Wakichoka kucheka watakunywa uji, na chai, na mashine haifanyi kazi mpaka Jumamosi."

Akatazama sakafu. Akakuna shingo.

"Watakuwa wangapi?" akauliza.

"Toa vikombe vyote," nikamwambia.